Ujerumani au Japani? Ukitakiwa kuelezea nchi iliyochelewa viwanda, shika ipi

Kila mwaka ukifika msimu wa kidato cha sita kujifungia na madesa, swali linarudi lile lile: ticha, pale kwenye nchi iliyochelewa kupata mapinduzi ya viwanda nichukue Ujerumani au Japani? Na kila mwaka mi najibu "chukua unayoielewa", jibu la uvivu kabisa, nakiri. Safari hii kuna dogo kanibana, akasema ticha mi zote mbili nimezikariri na zote zimechanganyikana kichwani, nichagulie moja nikalale. Nikaona ana haki. Basi nimeziweka zote kwenye mizani, na sio kwa ajili ya pepa tu, maana hata kijiweni kuna watu wazima na ndevu zao wanasema "sisi kuchelewa ni faida, tutaruka hatua", ukiwauliza nani aliwahi kuruka na aliruka vipi wanaagiza kahawa nyingine.

Wenye haraka chukueni hili: swali likikaa zaidi upande wa SABABU za kuchelewa, shika Ujerumani, sababu zake zimejipanga zenyewe. Swali likikaa upande wa FAIDA za kuchelewa, shika Japani, ingawa Ujerumani nayo ina hadithi mbili tatu tamu sana nitazisimulia hapa chini. Na kama huna mtihani wowote, unataka tu kuelewa nchi kama zetu zinaweza kufanya nini, Japani tena, bila kupepesa macho.

Kuna watakaouliza mbona Urusi haipo. Urusi ni nzuri kwa sababu za kuchelewa, wakulima wamefungwa kwenye ardhi za mabwana mpaka 1861 huko, ila ukifika kwenye faida hadithi inakatika 1917 kabla hujamaliza kuandika. Tuiache.

Tuanze na Ujerumani. Baada ya Napoleon kupigwa, mwaka 1815 pale Vienna wakubwa wakaipanga ile ardhi ya Wajerumani ikawa shirikisho la dola 39, yani nyumba moja vyumba 39 na kila chumba kina kufuli lake, kina mfalme au mtemi wake, ushuru wake, sheria zake, vipimo vyake, na hela nayo kaskazini wanatumia thaler kusini wanatumia gulden. Kuna bwana anaitwa Friedrich List, mwaka 1819 aliandika malalamiko kwa niaba ya wafanyabiashara, akasema mtu akitoka Hamburg kwenda Austria au Berlin kwenda Uswisi inabidi akatize dola kumi, asome sheria kumi za forodha, alipe ushuru mara kumi. Mara kumi! Hawa wenye malori wetu wa Dar–Tunduma wanaolalamikia mizani wangezimia. Sasa mtu mwenye hela zake timamu ajenge kiwanda kikubwa cha kumuuzia nani, wakati soko lake linaishia pale kilima kinapoanza?

Ongeza vyama vya mafundi. Miji mingi ilikuwa na vyama vya ufundi ambavyo ndio vinaamua nani awe fundi viatu, nani afume, awe na vijana wangapi wa kazi, na ukitaka kuleta mashine ya kufanya kazi ya watu kumi ujue umetangaza vita na mtaa mzima. Prussia, ile dola yenye nguvu huko kaskazini, ilivunja hiyo nguvu yao mwaka 1810, ila kuna dola nyingine vyama viliendelea kung'ang'ania mpaka miaka ya 1860. Na wakulima walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya bwana, mtu hawezi kuamka tu akaenda kutafuta kazi mjini, Prussia iliwafungulia 1807 baada ya kipigo kitakatifu cha Napoleon pale Jena mwaka mmoja kabla. Yani walihitaji kupigwa ndio waamke, kitu ambacho utakiona tena kwa Japani.

Ila cha kuangalia, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza maksi na hoja, makaa ya mawe ya Ruhr, eneo la magharibi mwa Ujerumani, yalikuwepo pale pale miaka yote hiyo. Hayakuletwa na malaika 1850. Kwa hiyo usiandike Ujerumani ilichelewa kwa kukosa rasilimali, Ujerumani ilichelewa kwa siasa, na rasilimali zilikuwa zinasubiri siasa zimalize ugomvi. Ndio maana nasema kwa sababu za kuchelewa hii nchi ni rahisi, ukishasema vyumba 39 nusu ya insha imeshaandikwa.

Kuna picha moja naipenda ya jinsi walivyokuwa nyuma. Reli yao ya kwanza ya injini ya moshi, Nürnberg kwenda Fürth, Desemba 1835, kilomita sita tu, fupi kuliko Kariakoo mpaka Ubungo. Injini ilinunuliwa kwa Stephenson huko Newcastle Uingereza, ikaja imefunguliwa vipande vipande, na dereva naye akaja Mwingereza, William Wilson, akalipwa mshahara mkubwa kuliko mkurugenzi wa reli yenyewe, sababu hakuna Mjerumani hata mmoja pale aliyejua kuiendesha. Na makaa yalikuwa ghali, yanatolewa mbali Saxony kwa mikokoteni, kwa hiyo safari nyingi za hiyo reli kwa miaka mingi zilivutwa na farasi. Reli ya kisasa, farasi mbele. Mzigo wa kwanza kusafirishwa, mwaka uliofuata, mapipa mawili ya bia. Hapo sasa ndio Ujerumani ninayoijua.

Kufuli zilianza kufunguliwa Januari 1834, umoja wa forodha chini ya Prussia, dola zilizojiunga zikafuta ushuru kati yao. Kumbuka hii inatangulia muungano wa kisiasa kwa miaka 37. Soko kwanza, bendera baadae. Wale wanaofuatilia mambo ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki watalipenda hilo, na watalichukia pia, sababu pale kulikuwa na mmoja mkubwa ambaye akisema jambo wengine wanafuata, na kwetu sijui nani atakubali kufuata.

Japani sasa. Huko nyumba haikuwa na vyumba vingi vinavyogombana, ingawa watemi walikuwepo zaidi ya 200, tatizo lilikuwa geti. Utawala wa Tokugawa uliofunga geti miaka ya 1630 uliliacha limefungwa zaidi ya miaka 200, Mjapani haruhusiwi kutoka, mzungu haruhusiwi kuingia isipokuwa Waholanzi kidogo waliobanwa kwenye kijisiwa cha kutengenezwa pale Nagasaki kinaitwa Dejima, kama wanyama wa maonyesho. Wakati Uingereza inapiga stimu huku Japani hawana habari, au wana habari za kuibia ibia kupitia vitabu vya Waholanzi.

Lakini usije ukaandika kwamba walikuwa wamelala. Hapa ndipo madesa mengi yanadanganya. Edo, ambayo ndio Tokyo ya leo, ilikuwa na watu kama milioni, Osaka walikuwa na soko la mchele ambapo kuanzia 1730 serikali iliwaruhusu rasmi watu kuuziana mchele ambao haujavunwa bado, kwa makaratasi tu. Watoto wa kawaida walisoma kwenye vijishule vya mahekalu, kuandika na kupiga abakasi. Yani geti limefungwa ila ndani watu wanachapa kazi. Kuchelewa kwa Japani ni kuchelewa kwa mtu anayejua kusoma ila hajapewa kitabu, na huyo ukimpa kitabu anakushangaza.

Kitabu kilikuja kwa nguvu. Julai 1853, manuwari nne za Marekani chini ya Perry zikatia nanga mdomoni mwa ghuba ya Edo, mbili zinatoa moshi. Ikafuata mikataba ya kinyonyaji, na kuanzia 1866 Japani ilizuiwa kutoza ushuru wa bidhaa za nje zaidi ya kama asilimia 5, hawakuipata haki yao yote mpaka 1911. Hii iwekee mstari mwekundu. Ujerumani, chansela wao Bismarck alipoona chuma cha Waingereza kinaingia kwa wingi, mwaka 1879 akapandisha ushuru, kazi imekwisha. Japani hawakuwa na hiyo rungu. Walijenga viwanda mlango ukiwa wazi, kwa lazima.

Kitu cha kukusaidia kukumbuka, mi mwenyewe zamani nilikuwa naichanganya tarehe hii mpaka nilipogundua kuchanganya kwenyewe ndio faida: nchi zote mbili zilijiunganisha 1871. Januari Wajerumani wanatangaza himaya yao pale Versailles, kwenye ikulu ya Mfaransa waliyempiga. Kiangazi cha mwaka huo huo serikali mpya ya Meiji, iliyoupindua utawala wa Tokugawa 1868, inafuta utawala wa watemi na kuweka mikoa. Alafu Desemba, mwaka huo huo jamani, Wajapani wakapakia karibu nusu ya vigogo wa serikali yao kwenye meli chini ya Iwakura wakaenda kuzunguka Marekani na Ulaya karibu miaka miwili kupiga chabo. Fikiria nchi imepinduliwa juzi tu na viongozi wanasafiri miaka miwili! Machi 1873 wakala chakula na Bismarck Berlin, na yule mzee akawapa somo kwamba sheria za kimataifa ni nzuri mpaka mkubwa aone hazimfai. Ito Hirobumi alikuwemo kwenye huo msafara, na katiba ya Japani ya 1889 alivyokuja kuisimamia ina harufu ya Prussia kila kona. Kwa hiyo hizi nchi mbili sio mifano miwili iliyotengana, huyu wa pili alimsoma huyu wa kwanza.

Sasa faida. Wanafunzi wanamwaga pointi kumi, mi naona iko moja kubwa na nyingine zote ni watoto wake: aliyechelewa anadesa. Anakuta mtihani umeshafanywa, majibu yapo ukutani, na makosa pia yapo ukutani, hiyo ya pili ndio tamu zaidi.

Angalia chuma cha pua. Madini ya chuma ya Lorraine, ambayo Ujerumani iliyachukua kwa Ufaransa 1871, yalikuwa na fosforasi nyingi, na fosforasi inafanya chuma kivunjike kama biskuti, kwa hiyo ulikuwa ni mlima wa bure tu. Alafu huko London kuna karani wa mahakama, Sidney Gilchrist Thomas, mchana anaandika mashauri ya walevi na wezi, usiku anafanya kemia, na binamu yake alikuwa mkemia kwenye kiwanda cha chuma huko Wales. Mwishoni mwa miaka ya 1870 wakagundua ukitandika tanuru kwa matofali ya aina fulani na kuweka chokaa, fosforasi inaondoka na takataka. Waingereza wakapiga makofi. Wajerumani wakapiga hodi kununua leseni, mwaka 1879 hiyo hiyo. Sababu ni rahisi, Mwingereza alikuwa ameshajenga matanuru yake ya zamani, yanafanya kazi, yameshalipiwa, na ana madini mengine yasiyo na fosforasi ya kununua Hispania, ya nini abomoe? Mjerumani alikuwa bado anajenga, akajenga jipya. Na lile takataka la fosforasi wakalisaga wakawauzia wakulima kama mbolea. Kufika 1893 Ujerumani inaipita Uingereza kwa chuma cha pua, kufika 1913 Ujerumani iko zaidi ya tani milioni 17 na Uingereza haijafika milioni 8. Karani wa watu kawafundisha, wakampita.

Rangi za nguo ndio kabisa. 1856, kijana wa miaka 18 London, William Perkin, anajaribu kutengeneza kwinini, ndio, dawa ya malaria ile ile, anapata uchafu wa zambarau unaong'ang'ania kwenye nguo. Ndio rangi ya kwanza ya kutengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe iliyoingia sokoni. Mwalimu wake alikuwa Mjerumani, Hofmann, ambaye 1865 alirudi zake Berlin. Bayer na Hoechst zimeanzishwa 1863, BASF 1865. Wao hawakuwa na kijana mmoja mwenye bahati, walikuwa na vyuo vya ufundi, cha Karlsruhe kipo tangu 1825, vinatoa wakemia kila mwaka, na viwanda vikawaweka maabara na kuwalipa mshahara wa kutafuta. BASF walihangaika miaka na miaka na nili, ile rangi ya bluu, 1897 wakaiingiza sokoni, mashamba ya nili ya India yakafa. Kabla ya vita ya kwanza rangi nyingi mno za viwandani duniani zilikuwa za Mjerumani. Jeshi la Uingereza lilipoingia vitani 1914 likajikuta linategemea rangi ya adui kwa sare zake.

Halafu kile kituko cha 1887, bunge la Uingereza linatunga sheria bidhaa za nje ziandikwe zimetoka wapi, lengo mnunuzi aone neno Ujerumani akimbie kama mtu anavyoona feki. Baada ya miaka michache watu wakawa wanalitafuta hilo neno.

Ila kuna faida ya Ujerumani ambayo sio ya kudesa moja kwa moja na ni muhimu kwenye kulinganisha. Mwingereza wa miaka ya 1780 alianza na kijikarakana, hela ya shemeji na faida ya mwaka jana. Mtu anayeanza 1860 hawezi, sasa hivi mchezo ni matanuru, reli, migodi, mtaji mkubwa kwa mkupuo. Ujerumani kazi hiyo ikafanywa na mabenki, Deutsche Bank na Commerzbank 1870, Dresdner 1872, na sio benki za kukopesha na kusubiri, hapana, zinanunua hisa, zinakaa kwenye bodi, zinamwambia mwenye kiwanda ungana na jirani yako mwache kugombana. Japani imechelewa zaidi, hata benki za hivyo hazikuwepo, kwa hiyo ikaanza serikali yenyewe. Unaona ngazi hiyo? Uingereza familia, Ujerumani benki, Japani serikali, kadri unavyochelewa ndivyo anayekubeba anatakiwa awe na mgongo mpana zaidi. Huo mstari peke yake ukiuandika vizuri msahihishaji anainua kichwa.

Japani kwenye kudesa sasa ni burudani. Kiwanda cha hariri cha Tomioka, 1872, serikali imejenga, injinia Mfaransa Paul Brunat, mashine za Ufaransa, na vyombo vya kuvutia nyuzi 300. Kila kitu kipo, wafanyakazi hakuna. Mabinti hawaji. Kisa? Zimevuma habari kwamba wale Wafaransa wanakunywa damu za wasichana, watu wamewaona kabisa na glasi nyekundu. Ilikuwa divai. Ikabidi mkuu wa kiwanda, Odaka, ampeleke binti yake mwenyewe awe wa kwanza, ndio wengine wakafuata, wengi mabinti wa samurai, wakajifunza alafu wakatawanyika mikoani kufundisha wengine. Kibiashara Tomioka haikuwa inalipa vizuri, serikali ikaiuza kwa kampuni ya Mitsui 1893. Lakini hasara ya darasa huwezi kuihesabu kama hasara ya duka. Miaka ya 1880 serikali iliuza karakana zake nyingi hivyo hivyo, gati la meli la Nagasaki likaenda Mitsubishi, na hapo ndipo yale majina makubwa yalipopata mbavu. Kama waliuziana kwa bei ya kutupa kwa sababu ya kujuana ni mjadala mwingine, harufu ipo.

Kiwanda kilichofanikiwa kwelikweli kilikuwa cha watu binafsi, kile cha nyuzi cha Osaka, 1883. Mfanyabiashara Shibusawa Eiichi alimwandikia kijana Yamanobe Takeo aliyekuwa London anasoma uchumi, akamwambia acha hayo nenda ukajifunze kusokota pamba. Kijana akaenda Blackburn kufanya kazi kiwandani kwa mikono, msomi kwenye vumbi la pamba. Aliporudi wakaanza na spindeli (vile vijiti vya mashine vinavyosokota nyuzi) 10,500, viwanda vya serikali kabla ya hapo vilikuwa na 2,000 tu kila kimoja na vyote vikachechemea. Wakaweka taa za umeme 1886 mashine zisilale, zamu ya mchana zamu ya usiku. Na miaka michache baadae wakahamia kwa kasi kwenye mashine za ringi, ambazo binti asiye na uzoefu anaziweza, wakati Waingereza wa Lancashire, kwenye viwanda vya pamba, wako na mashine zao za zamani zinazotaka fundi wa miaka kumi mwenye chama chake. Ringi zilitaka pamba yenye nguvu, wao wakachanganya ya India ya bei rahisi na ndefu ya Marekani kidogo. Hapo hawadesi tena, wanabadilisha majibu.

Na walipodesa bila kubadilisha walilia. Kiwanda cha chuma cha Yawata, 1901, ramani na mafundi kutoka Ujerumani. Tanuru la kwanza likasumbua, 1902 likazimwa, sababu limejengwa kwa ajili ya makaa ya Kijerumani na ya kwao Kyushu ni tabia nyingine. Akaja profesa wao wenyewe, Noro Kageyoshi, akarekebisha, 1904 likawaka vizuri. Hii ya Yawata mi ndio ningeiweka kwenye insha kabla ya nyingine zote, maana inajibu lile swali la kijiweni: kwanini wengine wananunua kiwanda kizima na funguo zake na bado kinakufa. Mashine unaweza kununua, Noro hununui.

Hela je. Ujerumani ilipata fidia ya faranga bilioni 5 kutoka Ufaransa, imelipwa yote kufika 1873, na wengi wanaiandika kama baraka tupu wakati ilimwaga pesa mtaani makampuni yakaota kama uyoga na 1873 hiyo hiyo soko likaanguka vibaya. Japani nayo ilimpiga China 1894–95 ikapata fidia ya taeli (kipimo cha fedha cha China) milioni 200 na nyongeza, sehemu ndio ikaanzisha Yawata. Ila kabla ya hapo hela ilitoka kwa mkulima: kodi ya ardhi ya 1873, asilimia 3 ya thamani ya shamba, kwa fedha taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Wakulima wakaandamana, 1877 ikashuka kuwa 2.5. Na mikopo ya nje, sikiliza hii, walikopa London 1870 kwa ajili ya reli kwa riba ya asilimia 9, wakakopa tena 1873, alafu wakaacha mpaka karibu mwisho wa karne. Waliogopa mfano wa Misri, iliyokopa mpaka wadai wakaishika.

Kwa hiyo nani alilipa hiyo "faida ya kuchelewa"? Japani ni mkulima na binti yake, zamu ya usiku ya wanawake haikukatazwa mpaka 1929, na kifua kikuu kilitoka mabwenini kwenda vijijini na wasichana waliorudishwa kwao wakikohoa. Ujerumani mkulima wa Prussia aliachiwa huru kwa kumkatia bwana theluthi au nusu ya shamba lake, akabaki na mikono, mikono ikaenda Ruhr. Kule walau Bismarck aliweka bima ya ugonjwa 1883, ya ajali 1884, ya uzee 1889, hata kama alifanya hivyo kuwazima wasoshalisti. Na bili nyingine ya Ujerumani ilikuja kwetu. Walichelewa viwanda wakachelewa na makoloni, pamba wanategemea Marekani, basi wazee wa Matumbi wakalimishwa pamba kwa kiboko na 1905 wakaanza vita ya Maji Maji kwa kuing'oa. Mkonge wa Tanga nao ulianza na miche 62 iliyofika hai 1893, kutoka Florida kupitia Hamburg. Ukichagua Ujerumani aya hii unayo bure, hakuna kitabu cha mbali cha kutafuta, muulize babu wa mtu yeyote wa Kilwa.

Japani nayo iligusa huku kwa njia yake. Ile merikani iliyoitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, miaka ya 1930 madukani Mombasa na Zanzibar nyingi ilikuwa ya Mjapani. 1934 Uingereza iliweka ukomo wa nguo za Kijapani kwenye makoloni yake, ila kwa Afrika Mashariki ikashindwa kuuweka, sababu mkataba wa Berlin wa 1885, ule wa Bismarck, ulikataza ubaguzi wa biashara kwenye eneo hili.

Na 1929 Toyoda, hawa hawa ambao baadae tunawajua kwa magari, waliwauzia Platt Brothers wa Oldham haki ya mtambo wao wa kufuma kwa pauni 100,000. Platt ndio walikuwa wakiwauzia Wajapani mashine za pamba tangu mwanzo. Ticha kanunua desa kwa mwanafunzi.

Haya, kuchagua. Kama uko mwaka wa mtihani na muda umeisha, Ujerumani, tarehe zake ni 1815, 1834, 1871, 1879, umemaliza. Kama una wiki mbili za kusoma kweli, Japani, ila tahadhari usiipaishe: 1913 chuma chake cha pua hakikufika hata tani nusu milioni, nguvu yake ilikuwa hariri na nyuzi, uzito wa chuma ulikuja baadae. Ukiandika Japani ilikuwa jitu la viwanda 1914 umeshajipunguzia. Na usiandike kwamba kukosa madini ndio kulichelewesha, makaa ilikuwa nayo, shaba ilikuwa nayo, kukosa chuma kulikuja kuuma baadae ikabidi Yawata ichukue madini China.

Nilimtumia dogo maelezo haya yote usiku. Asubuhi kajibu: "Ticha asante, nimechagua Ujerumani, jina la Noro Kageyoshi siwezi kuliandika na homa ya mtihani."